Wiki ya Kumi

Kalenda ya shule iko kwenye friji,
imebanwa na sumaku yenye umbo la samaki.
Kusini wamekwisha kupumzika, wiki ya nane.
Katikati ya nchi, wiki ya tisa.
Huku kwetu juu, theluji isikokuwa na haraka ya kuaga,
likizo ya kuteleza ni wiki ya kumi.
Waliopanga walipanga vizuri:
milima isijae, treni zisifurike.
Mimi hawakuniuliza.

Barua ya usaili nayo ikaja na siku yake:
Jumatano, saa tatu na robo asubuhi.
Wiki ya kumi.

Nikampigia Jarkko, Tampere.
Huko walikuwa likizo wiki iliyopita, akasema,
amewapeleka watoto wa mkewe mlimani,
na sasa amerudi kazini.
Nikamgongea Raakel wa ghorofa ya chini;
Jumatano ana miadi ya goti lake,
miadi aliyoisubiri tangu Novemba.
Basi. Maji nimeshayavulia nguo.

Jumatatu usiku Oiva, miaka tisa,
alijifunga tai ya marehemu babu yake
iliyomfika magotini,
akaketi upande wa pili wa meza ya jikoni.
"Karibu, bibi. Jieleze."

Nikajieleza kwa mtoto niliyemzaa.
Miaka kumi na minne kwenye mashine namba sita,
karatasi ikikimbia mbele yangu kama mto mweupe,
nami nikijua kwa sikio, kabla taa haijawaka,
kwamba sasa hivi itakatika.
Aliandika kitu.
"Umesema *yaani* mara tisa."

"Udhaifu wako?"
Kitabu cha maktaba kinashauri utaje dosari
ambayo ukiipindua inakuwa sifa.
Nikasema: napenda mno kila kitu kikamilike.
Oiva akageuka, akavitazama vyombo kwenye sinki,
akavitazama kwa muda.
"Mama. Hiyo si kweli."

Kisha kidole chake kikashuka kwenye wasifu wangu,
kikasimama pale nilipoogopa kisimame.
"Hapa pako patupu. Mwaka na miezi minne.
Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapa.
Kiwanda kilizimwa Ijumaa moja, tukapewa keki.
Nililala mchana. Nilipanga soksi kwa rangi.
Nilikushika kiuno kwenye barafu mpaka ukaniacha nyuma.
Nilituma maombi hamsini na mawili.
Lakini hayo sikuyasema; nilisema, "Yaani..."

Akainuka, akaenda kwenye friji,
akahesabu kwa midomo.
"Ni kama wiki sabini. Waambie ulikuwa likizo."
Halafu akajikatiza mwenyewe, akiikunja ncha ya tai:
"Hapana. Kwenye likizo unajua siku ya kurudi."

Sikumjibu. Nilipiga pasi koti.

Jumatano tulikwenda wote wawili,
yeye na suruali yake ya theluji iliyokuwa ikichakarisha kila hatua
katika ukumbi wa kampuni ya joto la mji,
kampuni inayosukuma maji moto chini ya barabara
ili vidole vyetu visigande tukiwa ndani.
Wakamkalisha nje ya chumba cha kioo
wakampa kakao.

Watu watatu. Maji kwenye glasi. Saa ya ukutani.
Mwanamke mwenye miwani myekundu akaifikia ile sehemu tupu,
akaigusa kwa kalamu, bila ukali.
Nikamwambia kuhusu keki. Kuhusu soksi pia, sijui kwa nini.
Nikamwambia naweza kusikia bomba likitaka kupasuka,
na kwamba tangu Ijumaa ile sijasikiliza chochote kikubwa,
na masikio yangu yana njaa.

Nilipoinua macho, nyuma ya kioo,
Oiva, masharubu ya kakao mdomoni,
alikuwa ameniinulia vidole vinne.
Vinne tu.

Watapiga simu wiki ya kumi na moja.
Jumatatu ya wiki hiyo shule inafunguliwa;
siku yake ya kurudi imechapishwa kwa wino mweusi.
Yangu ameiandika pembeni, kwa penseli,
na kifutio amekiacha juu ya friji,
mahali ninapofika mimi peke yangu.